Shiraa ya Jumatatu

Nitakutegea kimoja kabla sijaanza, nawe usijibu haraka. Nyumba yangu haina mlango. Watoto wote wa Malindi watakupigia kelele, yai, yai, na wengi wao mimi ndiye niliyewafundisha jibu hilo. Lakini mwaka wa themanini na sita nilikuja kujua kwamba yako majibu mengine mawili. Jela ina mlango, ila ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine. Eda nayo ina mlango, ila aliye ndani haufungui. Kaltuma, mke wa mwanangu, aliingizwa katika nyumba hizo zote mbili kwa wakati mmoja, na hasira ya jambo lile sijaimaliza mpaka leo.

Kosa alilifanya. Nalisema mapema ili mtu asinisomee hadithi hii akidhani namtakasa. Kaltuma alikuwa akipika mahamri barazani petu hapa Shela, mtaa wetu wa Malindi, na mwenye duka la jirani hakuupenda moshi. Wakagombana mwezi mzima. Asubuhi moja yule bwana akaja akaupiga teke ungo wa mahamri, yakamwagika mchangani yote. Kaltuma alikuwa na upawa mkononi. Mafuta ya moto yalimwunguza yule bwana kutoka vidoleni hadi kiwikoni, na ukelele wake ulisikika sokoni. Hakimu akampa Kaltuma miaka minne. Sikumlilia hakimu, nilikwenda kumpa pole mwenye duka, nikamchukulia asali ya kupaka.

Ndugu yangu Faki, aliyekuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu, ndiye aliyetueleza mambo ya hesabu ya jela. Mfungwa akikaa vizuri hupunguziwa theluthi, akasema. Na katika miezi sita ya mwisho ya hicho kilichobaki, wakubwa wanaweza kumruhusu akamalizie kwao kwa masharti. Jambo hilo linaitwa paroli. Basi tukahesabu. Kaltuma akakaa vizuri. Alishona sare za wafungwa wenzake, akawafundisha wasichana wawili kusoma, hakutiwa kosa hata moja.

Miezi mitano kabla ya siku yake ya kutoka, mwanangu Abdillahi akafa. Figo zilimla polepole, kisha zikammaliza kwa wiki moja. Tulimzika alasiri, na siku ya pili mimi na Faki tukaenda Mombasa, kwenye jela ya wanawake, kumpa mke wake habari.

Alikuwa amekwisha ambiwa. Alikuja amevaa gauni la jela, akanishika mikono, hakulia. Akasema, "Mama, nitakaaje eda humu?"

Mjane kwetu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Havai rangi, hajitii manukato, haonekani na wanaume wasio maharimu wake. Kaltuma alikuwa akilima bustani ya jela, na askari wanaume wakipita na magunia. Eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, uwe kasrini au uwe kifungoni. Haisubiri mtu afunguliwe.

Tukaomba kumwona bibi mkubwa wa jela. Faki akaeleza kwa adabu yake ya mahakamani. Yule bibi akasikiliza, akasema, "Nitaandika. Lakini mama, ujue mapema, paroli si haki ya mfungwa. Ni hisani tu."

"Naam," nikasema. Nilikuwa na haja, na mwenye haja huitikia hata lile asilolikubali.

Siku ya kumi na tisa Kaltuma akarudi nyumbani. Tulimtilia pazia kwenye chumba cha ndani, tukamtolea nguo nyeupe, akaketi. Usiku wa kwanza ndipo alipolia, akalia mpaka godoro likalowa, nami nikafurahi, kwa maana machozi yale yalikuwa yamekaa mahali pasipostahili.

Karatasi yake ilikuwa na masharti matatu. Akae kwangu. Asitoke nje ya Malindi. Na kila Jumatatu kabla ya saa sita atie sahihi katika kitabu kwenye ofisi ya chifu. Faki alitusomea mara mbili. Hilo la tatu halikunitia wasiwasi hata kidogo, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Kwetu mjane akiitwa, haendi yeye. Anakwenda mkwewe au mwanamke mwingine wa nyumba. Ujumbe wa arusi, wa mirathi, hata wa kadhi, mimi ndiye ninayevaa buibui nikaenda kumjibia. Nilimjibia mamangu alipofiwa, nikamjibia dada yangu. Sasa nitaambiwa nini juu ya kitabu cha chifu?

Jumatatu ya kwanza nikaenda. Mezani alikuwa Kambi, karani wa siku nyingi, mtu wa Kaloleni aliyezeekea mji huu.

"Shikamoo, Bi Mwanabibi."

"Marahaba, Kambi. Nimekuja kumwitikia Kaltuma. Yuko edani."

"Najua, mama. Poleni tena." Akanigeuzia kitabu, akaweka kidole mahali. "Andika hapa."

Nikaandika Kaltuma binti fulani, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, herufi kubwa kama mahindi. Kambi akapuliza wino ukauke. Jumatatu nne tulifanya hivyo, na kila Jumatatu nilirudi nyumbani nikamwambia Kaltuma, "Nimekwenda." Naye akisema, "Mungu akulipe, mama."

Jumatatu ya tano nikamkuta Kambi amesimama ukutani, anatazama chini. Kitini mwake ameketi kijana mwenye miwani na fulana ya sufu, katika joto lile la Aprili. Jina lake Njoroge, afisa aliyeletwa kuwaangalia wafungwa walioachiwa. Hakuniamkia. Nikajiambia, ni mgeni, labda kwao hawaamkii mpaka waulizwe.

"Wewe ndiwe Kaltuma?" akauliza.

"Mimi ni mama wa mumewe."

"Kaltuma yuko wapi?"

"Yuko edani."

Akashika kalamu. "Edani ni wapi? Ni huko Gede?"

Kambi akakohoa. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, maana niliiona Edani yenyewe, kijiji cha wajane, kina kituo chake cha basi. Njoroge hakucheka. Akatoa karatasi ya jela yenye sahihi ya Kaltuma, ndogo, imelala kama sisimizi, akaiweka kando ya mahindi yangu.

"Hizi nne nani aliandika?"

"Mimi."

"Umeandika jina la mtu mwingine."

"Nimeandika jina la niliyemwitikia, mwanangu. Ningeandika langu mngedhani nimefungwa mimi."

Akavua miwani, akaifuta. Akasema bila kelele, na hilo ndilo lililonitisha, kwamba mfungwa hajaripoti hata mara moja tangu afike. Masharti yamevunjika. Paroli imekwisha. Gari litakuja kumchukua, na huenda ile theluthi nayo wakubwa wakaikata, kwa sababu ya udanganyifu.

Nikamwambia Kambi, "Niitie Faki." Kisha nikavuta kiti nikaketi, sikungoja kukaribishwa.

Faki alikuja na fimbo yake na koti lake la mahakamani. Njoroge akamweleza. Faki akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, mpaka nikataka kumkanyaga mguu.

"Mama anafikiri mimi ni mbaya," Njoroge akasema. "Sikiliza, mama. Paroli ni kama mtu amekualika kwake. Umekula, umelala. Akisema toka, unatoka. Huwezi kusema kitanda ni changu."

"Aliyealikwa hakufanya kazi kwa huyo mwenyeji," nikasema. "Kaltuma amefanya kazi miezi ishirini na saba. Ameshona suruali ngapi za serikali? Mliambiana naye, ukikaa vizuri, tutakuachia. Amekaa vizuri. Sasa mbona mnamwita mgeni?"

"Hatukuambiana naye. Sheria ilisema anaweza kuruhusiwa. Haikusema lazima."

Nikamgeukia ndugu yangu. "Faki, mwambie."

Faki akashika ndevu. "Dada, kwa hilo bwana anasema kweli. Theluthi ni haki, haiguswi bila kosa. Hii nyingine ni hisani. Ndivyo ilivyoandikwa."

Hebu fikiria. Tumenyonya ziwa moja, nimemlea mgongoni, na leo ananisimamia upande wa pili wa meza. Nikamwambia, "Basi nitegulieni, nyote wawili wasomi. Nilipewa mbele ya watu, nikanyang'anywa mbele ya watu, na aliyeninyang'anya anangoja nimshukuru. Ni nini?"

Wakatazamana.

"Ni hisani yenu," nikasema. "Kwetu mtu akitoa hisani kisha kila siku akawa anaitaja, kula changu, lala kwangu, nitakutoa, hiyo haiitwi tena hisani. Inaitwa masimango. Na chakula cha masimango mtu mwenye heshima hukitema. Ikiwa ni haki yake, mwacheni nayo. Ikiwa ni zawadi, iwe zawadi, msimfunge nayo kamba shingoni mkawa mnavuta."

"Wafungwa wangapi wanafikiri hivyo," Njoroge akasema, "na wakiachiwa wanatoroka? Mwaka jana mmoja alifika Tanga. Mimi ndiye niliyeulizwa. Nikae nikisema, sikumwona, lakini mama wa mumewe ameniambia yupo?"

Haki nimpe: jambo hilo sikuwa nimelifikiria. Kwangu neno langu lilikuwa Kaltuma mwenyewe. Kwake neno langu lilikuwa neno la ajuza tu. Lakini kulifahamu jambo si kupoa.

"Mkwe wangu yuko hatua mia tatu kutoka hapa," nikasema. "Inuka uende, simama nje ya dirisha, umsikie."

"Sheria inasema aje yeye kwangu." Akatazama saa yake. "Ni saa mbili na nusu. Mimi niko hapa mpaka saa sita. Akija kwa miguu yake, nitajua yupo. Asipokuja, naandika ametoroka."

"Ametoroka aingie chumbani kwake?"

"Mpaka saa sita, mama."

Njiani Faki akajaribu kuniongoza kwa mkono, nikauvuta mkono wangu. Nilimtuma akamwite Mwalimu Stambuli, anayesomesha msikitini petu. Mwalimu akaja, akaketi barazani, akazungumza akiwa ameupa mlango mgongo. Akasema mjane ana ruhusa kutoka mchana kwa dharura, akajistiri, akarudi kwake kabla ya jua kutua. "Na hii ni dharura, Bi Mwanabibi. Mungu hataki uzito."

"Mungu hataki," nikasema. "Njoroge anataka."

Nikaingia ndani nikamweleza Kaltuma yote, pamoja na sahihi zangu nne. Nilikuwa nimejitayarisha kumwambia kwamba hakuna mwanamke wa nyumba hii aliyewahi kuukanyaga mtaa akiwa edani, tangu bibi zangu, na kwamba nitaketi kizingitini, gari na lije linikanyage mimi kwanza. Nilikuwa nimeipanga vizuri hotuba ile.

Kaltuma akanikata. "Mama, kule jela siku ya pili ya eda yangu walinipa jembe. Sikuulizwa kama mguu wangu utoke au usitoke. Leo angalau nitatoka mwenyewe. Na nikirudishwa kule, nitamaliza eda ya Abdillahi kwenye mihogo ya serikali. Hilo wewe unalitaka?"

"Silitaki."

"Basi niandalie nitoke. Lakini sitaki kutazamwa."

Ndipo nikakumbuka shiraa. Ninyi hamkuiona. Mimi mwenyewe niliiona mwisho nikiwa mtoto. Wanawake wa kiungwana walipotoka, hasa kwenda msibani, walitembea ndani ya shuka kubwa lililoshikiliwa kwa fito, kama hema linalokwenda kwa miguu. Wakati wa mamangu vijakazi ndio waliozishika zile fito, na hapo palikuwa na dhuluma yake nyingine, nami siifichi. Siku hiyo tulizishika wenyewe.

Nikatoa mashuka mawili ya arusi yangu, meusi, tukayaunga kwa sindano ya gunia. Mbeyu, jirani yangu Mgiriama mwenye kuuza makuti, akaleta fito nne kutoka kwenye rundo lake. Akauliza, "Mama, haya ndiyo mambo ya Kiislamu?"

"Haya ni mambo ya Njoroge," nikamwambia. "Shika hapo."

Ufito mmoja nikashika mimi, wa pili Mbeyu, wa tatu binti wa nyumba ya nyuma. Wa nne ulikosa mtu. Faki akanyoosha mkono, nikamwambia arudi kwa sheria zake. Mara akatokea Shekha, mke wa yule mwenye duka, yule aliyeungua. Tangu siku ya mafuta hatukuwa tukipeana hata maji. Akaushika ufito bila salamu.

"Shekha," nikaanza.

"Mkono wa mume wangu umepona kitambo," akasema. "Twendeni, hili shuka linatuangukia."

Kaltuma akaingia katikati. Saa tano na robo tukatoka. Wanaume waliokuwa wakicheza bao waligeukia ukutani, mmoja baada ya mwingine, hata wale wasioswali. Mwenye duka alikuwa mlangoni pake. Akateremsha macho, akaingia ndani, akaurudisha mlango. Chini ya shuka nilisikia viatu vya Kaltuma vikijikwaa, maana miaka miwili na zaidi hakuwa amepita pale kwa miguu, na mtaa ulikuwa umechimbwa mtaro mpya. "Mtaro," nikamwambia. "Ruka." Akaruka, nasi tukaruka naye, shuka likapepea kama tanga.

Mlango wa ofisi ya chifu ulikuwa mwembamba, shiraa haikuingia. Tukasimama kwenye veranda. Kambi akatoka, akaona, akaondoa kofia yake. Njoroge akatoka nyuma yake na kitabu kwapani. Akaizunguka shiraa mara moja, kama mtu anayetaka kununua ng'ombe.

"Nitajuaje kwamba yumo?" akasema.

"Nimo," Kaltuma akasema kutoka ndani.

Njoroge alishtuka. Nadhani mpaka wakati ule Kaltuma alikuwa kwake jina kitabuni.

Akamwita Monicah, mpiga chapa wa ofisi, msichana wa kwao huko bara. Akampa kitabu, kalamu na ile karatasi ya jela. Monicah akainama akaingia chini ya shuka, tukabaki tukiiona miguu minne, miwili imevaa viatu vya kisigino. Wakanong'ona. Shekha akabadilisha mkono. Kisha Monicah akatoa kichwa.

"Ni yeye," akasema. "Anaomba kalamu nyingine, hii haina wino."

Kambi akatoa ya kwake. Kitabu kilipotoka, Njoroge akaziweka sahihi mbili pamoja, zile sisimizi. Akafunga kitabu. Jua lilikuwa limepanda na fulana yake ya sufu ilikuwa imelowa mgongoni.

"Sitaandika ametoroka," akasema. "Nitaandika onyo. Zile nne nitaeleza kwamba ni makosa ya ofisi." Kambi akatazama chini tena. "Nimekufanyia hisani, mama."

Kisha akangoja.

Nilijua anachongoja. Faki, aliyekuwa ametufuata nyuma, naye alijua, akaanza kunigusagusa mgongoni kwa fimbo. Ahsante ni neno dogo, na mimi nimewaambia ahsante mpaka wapigaji wa simu walionikosea. Lakini pale, na ufito ukiniuma kiganjani, na mjane wa mwanangu amesimama gizani karibu na saa sita ya mchana ili mtu mmoja aridhike, neno lile halikutoka.

"Mwanangu Njoroge," nikasema, "tangu asubuhi hujaniamkia. Mimi nina miaka sitini na tano, na shikamoo kwetu ni haki yangu, hainifikii kwa ruhusa ya mtu. Hukunipa, nami sikukudai, kwa kuwa ni yangu na naweza kuiacha. Hii ya Kaltuma si yangu. Siwezi kuiacha, na siwezi kuishukuru."

Akanitazama. Sijui alielewa nini. "Jumatatu ijayo," akasema, "kabla ya saa sita."

Tukarudi.

Jumatatu kumi na moja tulikwenda hivyo. Ya pili Mbeyu aliishona shiraa upya, na ya tatu wanawake waligombania fito. Ya nne tukamkuta Njoroge amekwisha toka verandani, kitabu kimefunguliwa, hana tena ile fulana. Ya sita akasema, akitazama ufito wangu badala yangu, "Shikamoo, mama." Nikaitika marahaba. Niliipokea kama mtu anavyopokea sufuria yake iliyokuwa imeazimwa.

Kuja kwa Kaltuma hakujamaliza ubishi wangu na Faki. Yeye bado husema sheria ilivyoandikwa. Mimi humwuliza aliyeiandika alikuwa na mkwe au hakuwa naye.

Eda ikaisha siku ishirini kabla ya kifungo. Tukamwogesha Kaltuma, akavaa leso ya rangi, Shekha akamletea udi. Jumatatu iliyofuata akanikuta kizingitini nazishika fito mbili kwa mazoea.

"Ziweke, mama," akasema.

Akashuka barazani peke yake, akapita mbele ya duka la jirani, akauruka ule mtaro bila kuambiwa. Mimi nilimfuata nyuma, hatua kumi hivi, na Faki nyuma yangu. Veranda ilipoonekana nikamwona Njoroge amesimama na kitabu, anatafuta kwa macho shiraa iko wapi, wala hajui kwamba yule mwanamke anayemjia mbele, uso wazi, ndiye.